Somo: Jinsi ninavyofundisha Bunge la Tanzania linavyotunga sheria kwa kutumia foleni ya bomba

Walimu wenzangu habari za majukumu. Niligusia siku ile kwamba topiki ya utungaji wa sheria naimaliza bila kuandika ubaoni zaidi ya mistari mitano, wengi mkasema niweke somo, haya leo nimekaa.

Nafundisha Uraia kidato cha tatu, shule ya bweni, darasa lina wanafunzi 58. Zamani nilikuwa naandika hatua zote kwa Kiingereza kama zilivyo kitabuni, wanakremu, kwenye mtihani wanazimwaga vizuri tu, halafu siku wakiwekewa Bunge kwenye tivii pale bwaloni Spika anasema "wanaoafiki waseme ndiyo" na hakuna hata mmoja anayejua pale wapo hatua gani. Nikaona nafundisha hewa. Siku hizi nataka watoke na kitu kimoja tu, kwamba sheria inapikwa pale watu wanapobishania neno moja moja, zile hotuba za kupiga meza ni chumvi. Natumia vipindi vitano vya dakika 40.

Hatua ya kwanza, tafuta kero yao. Usianze na Katiba, utawapoteza. Kwetu bomba ni moja, saa kumi na moja alfajiri kuna vita pale. Nikawauliza tu, mngekuwa Serikali mngefanyaje? Dakika kumi ubao umejaa. Hapo ndio nawaambia kwamba miswada mingi inaanzia hivi hivi, wizara inaona tatizo, inaandika waraka, unapita Baraza la Mawaziri, ndio unafika kwa waandishi wa sheria wa Serikali. Yaani muswada ukifika Dodoma tayari umeshatembea.

Hatua ya pili, gawa vyeo. Spika, Katibu wa Bunge, Waziri (wa Maji, nani tena), Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kamati ya watu kumi, kambi ya upinzani, wadau, na Mpambe wa Bunge wa kubeba siwa, ile rungu ya heshima ya Bunge. Siwa yetu ni mwiko wa jikoni, mpishi alitukopesha kwa masharti. Rais ni mkuu wa shule mwenyewe, mwombe mapema. Hapa hapa waambie kitu ambacho wengi wanakosa, Ibara ya 62 ya Katiba inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Kwa hiyo Rais akisaini hajatoka nje ya Bunge kuja kusaidia, yeye ni sehemu yake, ingawa si Mbunge.

Hatua ya tatu, waandike muswada. Ukurasa mmoja unatosha: jina, ibara ya tafsiri, masharti, adhabu, na mwishoni madhumuni na sababu. Waeleze pia kwamba ikiwa muswada tunaita ibara, ikishakuwa sheria tunaita kifungu, ila Katiba yenyewe inabaki na ibara zake. Wanapenda sana vitu vidogo kama hivi sijui kwa nini. Kisha wabandike kwenye mbao ya matangazo, hiyo ndio Gazeti la Serikali letu.

Hatua ya nne, kusomwa mara ya kwanza. Inachukua dakika moja. Katibu anasimama anasoma jina, "Muswada wa Sheria ya Foleni ya Bomba", anakaa. Hakuna mjadala. Wanafunzi watalalamika "yaani ndio basi?" waache walalamike, hawatasahau tena.

Hatua ya tano, kamati. Hapa usiharakishe, mimi naipa kipindi kizima. Kamati inakaa mbele, wadau wanaitwa mmoja mmoja, mpishi (wa kweli, alikuja na aproni yake), wanafunzi wa kidato cha nne wawili, kiranja wa usafi. Muswada ulisema "mwanafunzi atajaza ndoo moja kwa zamu". Akasimama binti mmoja mkimya ambaye kwa muhula mzima sijawahi kusikia sauti yake, akauliza, "Mimi sina ndoo nina dumu, kwa hiyo sheria hainihusu?" Darasa likacheka halafu likanyamaza, maana kweli, mwenye madumu matano angechota yote matano na hajavunja kitu. Kamati ikahangaika nusu saa nzima kutafsiri neno ndoo. Mwisho wakaandika "ndoo maana yake ni chombo chochote cha kubebea maji chenye ujazo usiozidi lita 20". Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa sijasema neno.

Hatua ya sita, kusomwa mara ya pili. Waziri anatoa hoja, kamati inasoma maoni yake, upinzani wanasoma yao, ndio mjadala. Wape dakika tatu tatu, Katibu apige kengele, vinginevyo hamtatoka.

Hatua ya saba ndio utamu, Kamati ya Bunge Zima. Siwa inashushwa, Spika anageuka Mwenyekiti, Katibu anaita ibara moja baada ya nyingine. Mwenye mabadiliko awe ameleta jedwali lake la marekebisho kwa maandishi, hakuna kuropoka. Kwetu ibara ya nne ilisema kiranja wa zamu "anaweza" kumtoa kwenye foleni aliyechomekea. Dogo mmoja akaleta jedwali, neno hilo lifutwe iandikwe "atamtoa". Neno moja! Mjadala dakika kumi na tano, maana "anaweza" inamwachia kiranja hiari, na kiranja mwenye hiari anakuwa na marafiki. Marekebisho yakapita. Ukiweza pakua Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansadi, chapa kurasa mbili za hatua hii, watakuta ule mstari unaojirudia kwamba ibara imepitishwa na Kamati ya Bunge Zima "pamoja na mabadiliko yake" au "bila mabadiliko yoyote", na safari hii wataelewa.

Hatua ya nane, Bunge linarudi, Waziri anatoa taarifa, muswada unasomwa mara ya tatu, unapita. Baada ya hapo unakwenda kwa Rais.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ticha asante kwa somo. Mwanafunzi wangu aliuliza Mbunge wa kawaida anaweza kupeleka muswada au ni Serikali tu, nikababaika.

Jibu: Anaweza, unaitwa muswada binafsi. Ila Ibara ya 99 ya Katiba imeweka uzio, mambo ya kodi na matumizi ya fedha za Serikali lazima pendekezo litoke kwa Rais kupitia kwa Waziri. Sasa niambie ni sheria gani ya maana isiyogusa hela. Ndio maana unaona miswada karibu yote ni ya Serikali.

Swali: Mkuu mbona kuna miswada inapita kama upepo, hatua zote hizo mnazisema ziko wapi?

Jibu: Hiyo ni hati ya dharura. Mwaka 2017 ile miswada ya maliasili na madini ilikuja kwa hati ya dharura, ikaingia na kutoka ndani ya siku chache. Hatua zilikuwepo, zilibanwa tu. Linganisha na Bima ya Afya kwa Wote, ilisomwa mara ya kwanza 2022, ikasogezwa, ikarudi kufanyiwa kazi, ikapita Novemba 2023. Wape wanafunzi hiyo mifano miwili wabishane ipi njia nzuri, wewe kaa pembeni. Mimi binafsi ile ya haraka inanipa wasiwasi, wadau wakipewa siku mbili wanasoma saa ngapi.

Swali: Habari kutoka Nakuru. Huku kwetu mambo si hivyo kabisa, somo hili litanisaidia aje?

Jibu: Karibu sana jirani. Kenya tangu Katiba ya 2010 mna nyumba mbili, Bunge la Taifa na Seneti, kwa hiyo miswada inayogusa kaunti lazima ipite kote kuwili, gawa darasa mara mbili. Halafu ninyi ushiriki wa umma umeandikwa kwenye Katiba, hatua yangu ya tano iongeze uzito. Na hatua ya Rais mna mfano ambao wanafunzi wenu waliuona kwa macho, Muswada wa Fedha wa 2024 ulipita Bunge la Taifa tarehe 25 Juni, kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini.

Swali: Mtihani ni kwa Kiingereza, ukifundisha hivi hawataumia?

Jibu: Kipindi cha mwisho nabandika manila yenye maneno ya Kiingereza pembeni ya hatua walizocheza wenyewe, dakika 20 wanayo. Na kumbuka mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili ndio lugha ya sheria.

Swali: Mahakama nayo si inatunga sheria? Nimeona ile kesi ya ndoa.

Jibu: Swali zuri hili. Sheria ya Ndoa ni ya 1971, inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, akaenda mahakamani, akashinda Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki 2019. Ila mahakama haikuandika kifungu kipya, ilisema vile vilivyopo vinakiuka Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja ipeleke marekebisho bungeni. Nilipowaambia hilo darasani, mabinti wa safu ya mbele waliacha kuandika wakanitazama tu. Wengi wao wana 16.

Swali: Sasa mwalimu hujamalizia, mkuu wa shule alisaini?

Jibu: Hahaha, aliurudisha! Aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba adhabu ya kuosha vyoo wiki nzima ni kali mno. Nikawafungulia Ibara ya 97, muswada ukirudishwa hauwezi kupelekwa tena kwa Rais kabla ya miezi sita kuisha, isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote, na ukipelekwa hivyo Rais anasaini ndani ya siku 21 au anavunja Bunge. Waliposikia kuvunja Bunge wakapagawa, kura hapo hapo. Siku hiyo walikuwepo 51, ndiyo zikawa 36. Wakashangilia mpaka darasa la jirani wakaja dirishani. Katibu, yule yule binti wa dumu nilishampandisha cheo, akanyoosha mkono akasema samahani Mheshimiwa Spika, Katiba imesema Wabunge wote, haijasema waliopo. Sisi wote ni 58, zinatakiwa 39.

Wale saba waliokosekana walikuwa bombani.