Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Linux au BSD kwenye Kompyuta ya Zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima zikabaki njia panda, kwa kuwa Windows 11 inadai prosesa mpya zaidi pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Wenye mashine hizo, wakiwemo wanaonunua kompyuta mpakato za mtumba Nairobi na Dar es Salaam, hugeukia Linux au mojawapo ya mifumo ya BSD, mifumo endeshi ya bure inayochukua nafasi ya Windows, na jambo la kwanza wanaloulizia huwa ni mfumo upi ulio mwepesi kuliko yote. Wepesi una nafasi yake. Hata hivyo, linalopaswa kutangulia ni kujua mfumo unaokusudia kuuweka utaendelea kupata marekebisho ya usalama kwa prosesa ya mashine yako hadi mwaka gani.

Kwa hiyo anza kwa kuthibitisha kama prosesa ni ya biti 32, aina ya zamani, au ya biti 64, aina mpya zaidi. Usihukumu kwa mfumo uliomo, kwa sababu kompyuta nyingi zenye prosesa ya Core 2 Duo, ambayo ni ya biti 64, ziliuzwa zikiwa na Windows ya biti 32, na wamiliki wake hadi leo huamini kwamba mashine ndiyo yenye upungufu. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika lscpu, kisha usome mistari ya mwanzo: ikiwa 64-bit imetajwa miongoni mwa namna ambazo prosesa inaweza kufanya kazi, karibu mifumo yote mikubwa bado iko wazi kwako. Ikiwa imetajwa 32-bit peke yake, kama ilivyo kwa Atom N270 iliyokuwa ndani ya kompyuta ndogo nyingi za mwaka 2008, mlango umeshaanza kufungwa. Debian 13, toleo la mojawapo ya mifumo ya Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa hizo, na FreeBSD nayo imeziacha kuanzia toleo la 15. Debian 12 bado inazikubali, na huduma yake ya muda mrefu imepangwa kuishia Juni 2028. OpenBSD na NetBSD pia zinaendelea kuzihudumia.

Lakini mfumo kupata marekebisho hakutoshi ikiwa kivinjari hakipati. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 mwaka 2016, na kwa Firefox toleo la kawaida la mwisho la aina hiyo ni la 144, la mwaka 2025. Kwa maoni yangu, mashine ya biti 32 ipewe kazi ya kuandika, kuhifadhi mafaili au kucheza muziki, na isitumiwe kabisa kwa mambo ya benki wala kwa barua pepe muhimu.

Kuhusu RAM, watu hutumia muda mwingi kulinganisha Xfce, LXQt na IceWM, yaani mazingira yanayoonyesha madirisha na menyu kwenye skrini, ilhali mlaji mkuu wa RAM ni kivinjari. Kurasa chache tu zikifunguliwa, kivinjari huweza kupita GB 1, na hapo tofauti ya MB mia mbili kati ya mazingira mawili haionekani. Mashine yenye GB 4 hutumika vizuri kwa kazi za kila siku. Yenye GB 2 itahitaji uvumilivu. Kabla ya kutafuta mfumo mwepesi zaidi, muulize fundi bei ya kuongeza RAM na ya kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, kwani badiliko hilo la pili huonekana tangu siku ya kwanza, mfumo uwe wowote ule.

Wi-Fi inastahili uangalifu wa pekee. Kadi nyingi, hasa za Broadcom, hazifanyi kazi mpaka zipewe faili la firmware, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi yenyewe, na kisakinishi kisipokuwa nalo unajikuta unahitaji intaneti ili upate intaneti. Tangu toleo la 12, Debian huweka mengi ya mafaili hayo ndani ya kisakinishi chake. OpenBSD huyapakua baadaye kwa amri ya fw_update. Andaa kebo ya mtandao, au simu ya Android inayoweza kugawa bando kwa waya wa USB. Tumia pia muda wa kutosha katika mfumo wa majaribio unaoendeshwa kutoka kwenye flashi: cheza sauti, punguza mwanga wa skrini, funga kifuniko ili mashine ilale, kisha uifungue uone kama inaamka na mtandao wake. Printa ijaribiwe hapo hapo.

Jiulize pia nani ataitunza. OpenBSD hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita na huhudumia mawili ya mwisho tu, hivyo inamfaa mtu aliye tayari kuipandisha toleo kwa ratiba. Kwa kompyuta ya nyumbani inayotumiwa na watoto na wazee, ningechagua Debian au Linux Mint yenye Xfce bila kusita.

Kuna na betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu. Ikifa, saa hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatwa, kisha kivinjari hukataa tovuti kwa madai kwamba vyeti si halali, na apt, programu ya Debian na Mint ya kuleta marekebisho, hukataa kuyapokea. Wengi huulaumu mfumo mpya kwa kosa la betri ya bei ndogo, kwa hiyo ibadilishe mapema.

Mwisho, nakili picha, nyaraka na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, uyaweke katika diski ya nje, kisha ufungue baadhi ya mafaili hayo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba yanasomeka. Fanya hivyo kabla ya kuanzisha kisakinishi, kwa sababu ukishathibitisha mgawanyo wa diski, kilichokuwemo hufutwa papo hapo.