Kumdakia Binti Anayerusha Softiboli

Binti yangu ni mrushaji wa softiboli, mchezo unaofanana na besiboli: mrushaji humrushia mpigaji mpira kutokea chini, mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, na mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji kuudaka. Katika softiboli hakuna nafasi inayoihitaji familia kuliko hiyo, kwa sababu mrushaji hakomai kwa kurushia ukuta peke yake. Anahitaji mtu wa kukaa mbele yake na kudaka, jioni baada ya jioni. Kama kwenu kuna msichana aliyeshikwa na mchezo huu, kabla ya kununua chochote kizuri amueni nani atakuwa mdakaji wa nyumbani. Kwetu ni mimi, baba yake.

Mdakaji ajikinge kwanza. Mpira wa wasichana wakubwa una mzingo wa inchi 12 na uzito wa karibu gramu 190, na ni mgumu. Mrushaji husimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 13 na ushee. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa hukufikia kabla ya nusu sekunde kwisha. Kwa hiyo vaa barakoa ya mdakaji, glavu yake nene na vikinga vya ugoko, hata kama ni mazoezi mafupi. Magoti yakikataa kuchuchumaa, pindua ndoo uikalie. Mkono usio na glavu uufiche nyuma ya mgongo. Vidole vinavyoachwa mbele ndivyo vinavyovunjika.

Wadogo hutumia mpira wa inchi 11 na husimama karibu zaidi. Muulize kocha umbali wa umri wake, upime kwa futi ya kupimia, utie alama chini. Usikadirie kwa hatua. Mkono huzoea umbali unaofanyiwa mazoezi, na siku ya mechi utamsaliti.

Akishapasha mwili joto, anzeni mkiwa karibu. Kwanza afyatue kifundo cha mkono tu, bila kuzungusha bega. Kisha nusu mzunguko. Mkirudi nyuma hadi kwenye alama ndipo azungushe mkono mzima. Wewe weka glavu mahali pamoja, tuseme usawa wa goti la mpigaji upande wa nje, na usiihamishe mpaka mpira umtoke mkononi. Ukiihamisha mapema utamnyima shabaha, naye hatajua alikosea wapi.

Halafu jizuie kufundisha. Hili ni gumu kwa mzazi, nami nalisisitiza kuliko yote. Kocha akimwambia alegeze kiwiko na wewe ukamwambia akikaze, mtoto atabaki njia panda. Mimi humuuliza kocha jambo moja analotaka wiki hiyo, basi. Mpira ukienda kombo namuuliza binti, “Umeusikiaje ulipotoka?” Mara nyingi anajua mwenyewe: “Nimeuachia mapema, Baba.” Jibu alilolipata mwenyewe hulikumbuka mechini.

Sasa bega. Kuna wanaoamini kwamba kurusha kutokea chini hakuumizi, ndiyo maana mrushaji huachwa acheze mechi mbili kwa siku bila mtu kuhesabu. Si kweli. Mzunguko ule hulivuta bega kwa nguvu kubwa, pamoja na msuli wa mbele wa mkono. Hesabu kila mpira anaorusha, wa mazoezi na wa mechi, uandike kwenye daftari, na baada ya siku nzito apumzike. Akisema bega linauma kwa mbele, mazoezi yameishia hapo. Maumivu yakirudi, mpeleke kwa daktari. Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 kwa siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na nchi yake ikachukua dhahabu. Picha yake iko ukutani kwa binti yangu na sote tunamheshimu. Lakini yule alikuwa mtu mzima akiwania medali. Hesabu yake isiwe kipimo cha mtoto wako.

Wengine nyumbani wapewe kazi pia. Mdogo wake huvaa helmeti na kusimama upande wa mpigaji bila gongo, ili dada azoee kurusha kukiwa na mtu. Mama yake ndiye mwenye daftari la alama siku ya mechi. Alijifunza mwenyewe, na sasa anasoma mchezo vizuri kuliko mimi.

Mkiwa njiani kurudi, mwacheni aanze yeye kuongea. Wetu akishindwa hutaka kimya, na akila ndipo maneno huja.

Utafika wakati mpira wake utakuzidi mbio, hasa akijifunza ule unaokata ghafla kuelekea chini. Ukiona unaanza kufumba macho, acha kudaka. Mwombe kocha amuunganishe na mdakaji wa timu, na nyumbani fungeni neti yenye mraba wa utepe kama shabaha. Wewe endelea na hesabu ya mipira. Hiyo bado inahitaji mtu.