Kutoboa na kuchonga chuma kwa milingi: tuanze na kitako cha mota

Msimu wa korosho unapokaribia, karakana za Mtwara na Lindi hupokea kazi moja ambayo haiishi: mota ya mashine ya kubangua imebadilishwa, matundu ya kitako cha zamani hayalingani na miguu ya mota mpya, na mwenye mali anataka mashine izunguke kesho asubuhi. Kitako hicho ni kibao cha chuma laini chenye unene wa milimita 12 na matundu marefu manne, ili mota iweze kusogezwa mkanda unapolegea. Anayeanza ufundi hapati somo bora kuliko hili, kwa sababu kazi yenyewe inamlazimu atumie kwa zamu drili na milingi, yaani mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka.

Kwanza ieleweke mashine hizi zinatofautiana wapi. Biti ya drili hukata kwa ncha yake tu, nayo hushuka wima. Ukiisukuma kwa ubavu itapinda au itavunjika. Kisu cha milingi kina meno ubavuni, na wakati kinazunguka mahali pamoja, meza ndiyo inayoipeleka kazi kwenye meno hayo. Kwa hiyo drili itafungua ncha mbili za kila tundu refu, na milingi itaondoa chuma kilichobaki katikati.

Uchoraji ufanywe kwa subira. Tundu likitakiwa kuwa na urefu wa milimita 40, na kisu kina kipenyo cha milimita 12, vituo vya ncha zake mbili vitakuwa umbali wa milimita 28, si 40, kwa kuwa kila upande kisu hula milimita 6 zaidi ya kituo chake. Wanafunzi wengi huharibu kibao cha kwanza hapa, kabla hata swichi haijawashwa. Piga alama ya kila kituo kwa senta panchi, yaani msumari mgumu wenye ncha kali unaogongwa kwa nyundo, kisha pima tena.

Baada ya hapo, kazi ifungwe. Kibao kikae ndani ya jiliwa, kibano cha mezani chenye taya mbili, au kibanwe mezani kwa bolti mbili, na chini yake pawekwe vipande viwili vya unene sawa ili biti ikitokeza isitoboe meza. Nilipokuwa mwanagenzi nilishika kibao kidogo kwa mkono, nikidhani tundu moja la milimita 8 halistahili usumbufu wa kufunga. Biti ilipofika upande wa pili ilinasa, kibao kikazunguka kama pangaboi, na kovu la kidole gumba ninalo hadi leo. Glavu nazo zivuliwe, mikono mirefu ya shati ikunjwe, na miwani ivaliwe.

Kasi haikisiwi. Zidisha 318 kwa kasi ya ukataji ya chuma husika, yaani mwendo wa ukali wa kifaa juu ya chuma, katika mita kwa dakika, kisha gawanya kwa kipenyo cha biti au kisu katika milimita. Jibu ni mizunguko kwa dakika. Kwa vifaa vya hai spidi, yaani chuma kigumu cha kutengenezea biti na visu, kwenye chuma laini, mita 25 ni kiasi cha kuanzia. Biti ya milimita 5 itahitaji mizunguko ipatayo 1,600, ya milimita 11 ipatayo 720, na kisu cha milimita 12 ipatayo 660. Mashine ya mikanda ikikosa namba hiyo hasa, chagua iliyo chini yake. Alumini huvumilia kasi kubwa zaidi ya mara mbili. Chuma kisichoshika kutu kinataka takriban nusu.

Anza na biti fupi ya senta, fuatisha ya milimita 5, kisha ya milimita 11. Biti ndogo hutangulia kwa sababu kitovu cha biti kubwa hakikati, bali husukuma chuma tu. Dondoshea mafuta ya kukatia, na kila unaposhuka milimita chache pandisha biti ili nyuzi za chuma zitoke. Zitazame nyuzi hizo: zikitoka mbili zilizo sawa, biti imenolewa vizuri, ikitoka moja tu, upande mmoja ndio unaokata na tundu litakuwa kubwa kuliko biti. Nyuzi zikigeuka buluu, punguza mizunguko. Unapohisi biti inakaribia kutokeza, legeza mkono, maana hapo ndipo hunasa.

Sasa hamishia kibao kwenye milingi, na ukinyooshe sambamba na mwendo wa meza. Tumia kisu cha meno mawili, kianzie ndani ya tundu ulilotoboa, na kishuke milimita 3 kwa kila pito. Mapito manne yatamaliza unene wote. Kila jino likila milimita 0.05, meza itatembea milimita 66 kwa dakika. Funga kabali, yaani vizuizi vya meza, za mielekeo usiyoitumia. Kisha, ili bolti ya milimita 12 iteleze bila kukwama, sogeza meza milimita 0.5 kila upande na upitishe tena, ukihakikisha kazi inasafiri kinyume cha mzunguko wa meno. Ikisafiri kuyafuata, kisu huivuta meza, na kwenye mashine kuukuu ambayo skrubu yake imelegea mruko huo huvunja kisu papo hapo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kwanza, kisha toa kisu kwenye chuma kwa mkono. Mashine isiyo na kinga ya kujizima yenyewe itaanza kuzunguka umeme unaporudi, pengine wewe ukiwa umeinama juu yake.

Ondoa makali ya kingo kwa tupa, jaribisha bolti katika matundu yote manne, na nyuzi zisombwe kwa brashi, si kwa vidole. Aliye karibu na bahari, kama Mikindani au Kilwa, asiondoke kabla hajaikausha meza na kuipaka mafuta, kwa kuwa hewa ya chumvi ikiikuta mbichi usiku mmoja, kutu itaonekana asubuhi.