Baharia wa mtoni: namna ya kushiriki mbio za tanga kwenye mto Crouch

Wazee wangu wa Tanga wakisikia nashindana kwa tanga mtoni hucheka. Mto kwao ni mahali pa mtumbwi na kiboko. Tanga ni la bahari. Nami nilicheka hivyo hivyo siku ya kwanza niliposhuka Burnham-on-Crouch, mji mdogo wa Essex, mashariki ya London, nikaona vyombo vya mita 9 vikigeuka pua kwa pua kwenye maji membamba kiasi kwamba ng'ambo unamwona mtu na mbwa wake. Msimu mmoja ulitosha kunifunga mdomo.

Crouch ni mto, lakini hapo Burnham maji yake ni ya chumvi na bwana wake ni Bahari ya Kaskazini. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita 5. Maji yote hayo hupita kwenye mfereji mmoja kwenda na kurudi. Kwa hiyo mbio za hapa zinaamuliwa na maji kwanza, upepo baadaye. Nayasema haya mapema kwa sababu karibu kila kosa nililofanya lilitokana na kuangalia tanga huku maji yakinicheka chini.

Mwongozo huu ni wa baharia, si wa nahodha. Ni wa mtu aliyealikwa kukaa chomboni mwa mwenzake akavuta kamba.

Hatua ya 1: Pata chombo

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Burnham ina klabu kadhaa. Inayojulikana zaidi kwa macho ni Royal Corinthian, jengo jeupe la mwaka 1931 lililobuniwa na Joseph Emberton, limekaa ukingoni kama meli iliyokataa kuondoka. Wenye vyombo daima wanapungukiwa watu, hasa kwa mbio za jioni za katikati ya wiki, wakati wa kiangazi ambapo mwanga unabaki hadi baada ya saa 3 usiku. Piga simu klabuni, au nenda ukaulize.

Waambie ukweli kuhusu uzito wako na unachokijua. Usiseme "mimi ni mtoto wa pwani" ukadhani umemaliza. Mimi nilisema. Nikapewa kamba ya tanga la mbele, na dakika 10 baadaye nilikuwa nimeifunga kwenye winchi, kile kigurudumu cha kukazia kamba, kinyumenyume.

Hatua ya 2: Vaa kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya hewa

Jua la Mei la Uingereza linadanganya. Maji bado ni nyuzi kumi na kitu, na mtu akitumbukia humo pumzi hukatika kabla hajakumbuka kuogelea. Vaa nguo zisizonyonya maji, viatu vyenye soli laini isiyoacha alama, na jaketi okozi. Kama ni la kujaa gesi lenyewe, hakikisha mtungi wake mdogo umekazwa. Hulegea wenyewe kwa mtikisiko. Glavu ni hiari yako. Mikono yangu ilikataa kuzizoea.

Hatua ya 3: Soma maji kabla hujatoka nyumbani

Hapa tukae kidogo.

Fungua jedwali la maji ya Burnham uandike saa ya maji kujaa na ya kupwa. Angalia na mwezi. Mwezi mpevu au mwandamo ukipita siku moja au mbili, ni bamvua: mkondo utakuwa mkali, huweza kufika noti 2 hadi 3, yaani maili za baharini kwa saa. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na siku hiyo hesabu zako zote zinakuwa nyepesi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa hili, ila anahitaji kukumbushwa kwamba linafanya kazi Essex kama linavyofanya Mkokotoni kule Unguja.

Kisha jua kwamba mkondo haukimbii sawasawa saa zote 6. Saa ya kwanza husogea kidogo, ya pili zaidi, ya tatu na ya nne ndizo zenye nguvu, kisha hupoa. Linganisha na saa ya kuanza mbio, utajua kama mtakuwa mkipanda mlima wa maji au mkiteremka.

Sasa hesabu ndogo. Chombo chenu kinakata maji kwa noti 5. Katikati ya mto mkondo unawapinga kwa noti 2, maana yake mnasogea kwa noti 3 tu. Karibu na ukingo, penye maji haba, mkondo unapinga kwa noti 1, mnasogea kwa noti 4. Kwa umbali wa maili moja ya baharini, yule wa katikati anatumia dakika 20, wewe wa ukingoni dakika 15. Dakika 5! Hakuna tanga la bei yoyote litakalokupa dakika 5 kwa maili moja.

Kanuni ni hiyo: mkondo ukikupinga, jibanze ukingoni, ukikusukuma, kaa katikati penye kina. Kwenye kona ya mto maji hukimbia zaidi upande wa nje na hupoa upande wa ndani. Na maji yanapogeuka, huanza kugeukia kando kabla ya katikati, hivyo kuna nusu saa hivi ambayo mjuzi anapata lifti ya bure ukingoni wakati wengine bado wanapigana katikati.

Macho yako ndiyo chombo cha kupimia. Burnham imejaa vyombo vilivyofungwa kwenye maboya. Tazama vimeelekeza pua wapi: vinaukabili mkondo, isipokuwa upepo uwe na nguvu kuushinda. Tazama boya lenyewe: upande mmoja maji yanapanda povu, upande wa pili yanaacha mkia. Mkia mrefu, mkondo mkali. Kazi ya kumwambia nahodha habari hizi ni ya baharia, kwa kuwa yeye macho yake yako kwenye tanga.

Hatua ya 4: Jua kamba zako

Fika saa moja kabla. Shika kila kamba, ifuate hadi mwisho wake, uone inavuta nini. Henza ya kutwekea tanga kuu, henza ya tanga la mbele, demani zake mbili, kamba za kulivuta na kulilegeza, moja kila upande. Mti wa chini wa tanga kuu wenyeji wanauita bumu. Si jahazi lile la Kuwait; ni chuma kinachopita juu ya kichwa chako kila mkigeuka, nacho hakina huruma. Inama hata kama unadhani utapona.

Uliza kazi yako ni ipi, moja. Chomboni mwetu tupo 5: nahodha kwenye usukani, mmoja wa tanga kuu, wawili wa tanga la mbele, na mmoja wa omo, yaani mbele ya chombo. Mgeni hupewa demani ya tanga la mbele. Utasikia "redi abaut", yaani jiandaeni kugeuka. Legeza kibano cha kamba lakini usiachie. Tanga likianza kupepea, achia yote. Mwenzako wa upande wa pili avute kwa mikono kwanza, kisha winchi. Anayekimbilia winchi mapema anapoteza sekunde 3 kila mgeuko, na kwenye mto mtageuka mara 40.

Jambo moja litakaloshangaza waliowahi kuona mashua za Lamu zikishindana, vijana wamekalia ubao uliotokeza nje juu ya maji: huku ni marufuku. Kwenye chombo chenye kamba za ulinzi pembeni, kwa kawaida kifua chako hakiruhusiwi kuvuka nje ya kamba hizo. Miguu ning'iniza, kiwiliwili kibaki ndani.

Hatua ya 5: Dakika 5 za kuanza

Mlio wa kwanza, dakika 5. Wa pili, dakika 4, na kuanzia hapo injini haitumiki tena kusukuma chombo. Mlio mrefu, dakika 1. Kisha nendeni.

Kama umepewa saa, hesabu kwa sauti na usisimulie kitu kingine. Lakini mtoni saa peke yake haitoshi. Mkondo wa noti 2 ukiwasukuma kuelekea mstari, dakika moja mnabebwa mita 60 hata tanga likiwa limelegea. Kwa chombo cha mita 9 hiyo ni karibu urefu wake mara 7. Mtavuka mapema, bendera ya X itapanda, mtalazimika kurudi mkipambana na mkondo ule ule. Mkondo ukiwa kinyume, hatari ni ya upande wa pili: mnadhani mko mstarini, kumbe mmerudi nyuma taratibu kama mtu aliyesinzia kwenye daladala. Chagua alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mti na kona ya paa kwa mfano, utazame zinavyoachana.

Hatua ya 6: Kubisha ukingoni

Upepo wa omo na mkondo wa omo, vyote vikiwapinga usoni: hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotoa jasho. Mnakwenda bisho, yaani kwa mshazari dhidi ya upepo, mkikwangua ukingo, mnageuka, mnatoka kidogo, mnageuka tena kurudi kwenye maji haba kabla mkondo wa katikati haujawanyakua.

Mtu mmoja asome kipimo cha kina kwa sauti: "Tatu. Mbili na nusu. Mbili." Ajue mkuku, uti wa chini wa chombo, unashuka kiasi gani. Wengine wanyamaze. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtoni hakipati hata nafasi ya kwenda mrama, kinapanda tope moja kwa moja.

Baharia wa upande wa demani, yaani upande unakoelekea upepo, achungulie chini ya tanga kutafuta vyombo vingine, kwa sababu nahodha haoni huko. Sheria ya kwanza ya kukariri: mwenye upepo unaotokea kulia kwake ana haki, mwenye upepo wa kushoto ampishe. Ya pili: mkiwa upepo upande mmoja, aliye upande wa joshi, unakotoka upepo, ampishe wa demani. Ya tatu ni ya mtoni hasa: mkikaribia ukingo mnabisha na jirani amewabana msiweze kugeuka, mna haki ya kumpigia kelele ya kuomba nafasi, naye lazima ageuke au awajibu kwamba mgeuke, atawapisha. Pigeni kelele mapema. Tope halisikilizi rufaa.

Mchana wa joto upepo wa baharini huingia kutoka mashariki. Maji yakiwa yanapwa wakati huo, mkondo unakwenda kukutana nao, na mto uliokuwa kioo unakuwa na vijiwimbi vifupi vya kukera. Jiandae kulowa.

Hatua ya 7: Kuzunguka boya

Ukibebwa na mkondo kuelekea boya, geuka mapema kuliko moyo unavyokuambia. Ukipingwa, chelewa. Mkiligusa, mnazunguka duara moja kama adhabu. Mkimkosea mwenzenu haki yake, maduara mawili. Zungukeni mara moja, bila kubishana.

Hatua ya 8: Upepo ukifa

Jioni upepo wa Essex hulala ghafla. Tanga linaning'inia, mkondo unawarudisha mlikotoka. Hapo mshindi ni mwenye nanga.

Sheria inaruhusu kutia nanga katikati ya mbio, mradi muing'oe kabla ya kuendelea, isipokuwa mkishindwa kabisa. Tumia nanga nyepesi na amari, yaani kamba ya nanga, nyembamba na ndefu. Ishushe wima, usiirushe mbele ukajivuta nayo, huo ni wizi wa mwendo. Na ishushe kimya, upande ambao wapinzani hawaoni. Wao wataendelea kuamini kwamba mmepata kaupepo, wasione wanarudi nyuma hadi wamefika mbali.

Sasa aibu yangu. Jioni moja tulikuwa wa pili, upepo ukafa, nahodha akaninong'oneza, "Nanga." Nikaishusha vizuri sana, bila hata tone kuruka. Amari ikateleza mkononi, ikateleza, nikasubiri ikaze, nikaona ncha yake ikipita vidoleni na kuzama. Hakuna aliyekuwa ameifunga chomboni, na wa kuikagua nilikuwa mimi, mjukuu wa nahodha wa jahazi. Tukarudi kinyumenyume tukipita wote tuliokuwa tumewatangulia, kila chombo kimetulia kwenye nanga yake, wengine wakituinulia vikombe. Nahodha wetu hakufoka. Aliuliza kama chai imebaki kwenye chupa.

Kwa hiyo: ncha ya amari ifungwe kabla hamjatoka gatini. Ishike kwa mkono wako, usiulize.

Hatua ya 9: Mkipwelewa

Itatokea: chombo kitakwama kwenye tope. Maji yakiwa yanajaa, subirini, yatawainua. Yakiwa yanapwa, mna dakika chache tu. Legezeni tanga au geuzeni pua kuelekea kwenye kina, na mabaharia wote wakimbilie upande wa demani: chombo kikilala, mkuku hupanda na huenda ukaachia tope. Msitumie injini kama bado mnataka matokeo.

Mkishindwa, mtakaa pale saa nyingi, chombo kimelala ubavu, mkitazama Wallasea, kisiwa cha ng'ambo. Sehemu yake imeinuliwa kwa tani zaidi ya milioni 3 za udongo uliochimbwa chini ya London kwa ajili ya reli ya Crossrail, sasa ni makazi ya ndege. Beba darubini.

Hatua ya 10: Baada ya mlio wa mwisho

Usiruke gatini kukimbilia baa. Kunja tanga, suuza tope kwenye amari maana likikauka ni saruji, na pindua kamba zako kama ulivyozikuta. Matokeo huchelewa kwa sababu vyombo havilingani; muda wa kila kimoja huzidishwa kwa namba yake, na aliyefika wa nne anaweza kuwa wa kwanza. Mwambie mwenye chombo waziwazi kama utakuja wiki ijayo. Kisha angalia saa ya treni ya mwisho: ya kwenda London mara nyingi hubadilishwa Wickford, na benchi la pale lina baridi hata Julai.