Mtoto akienda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), usipuuze namba ngeni

Mzazi wa Tanga ambaye kijana wako anaripoti kambi ya JKT ya Maramba au ya Mgambo kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, yale ya waliomaliza kidato cha sita: kabla hajapanda basi, mkaririshe namba yako na ya mtu mwingine wa nyumbani. Watoto wa siku hizi namba zote wameziacha kwenye simu, na kuruta hakai na simu. Akipata upenyo atapiga kwa simu ya mtu, dakika mbili tatu tu, kwa hiyo pokea namba usizozijua. Ila ukiambiwa “mwanao kaumia, tuma hela haraka”, usitume. Ulizia kambini kwanza. Akipiga mwenyewe, mwache aongee. Akilalamikia kwata na kuamshwa alfajiri, ujue mzima huyo.