Umetoka Pwani kuja kukimbia Nairobi? Anza hivi

Oksijeni hewani hapa ni asilimia 21 ile ile ya Mombasa. Ila Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20, kwa hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Mwili utazoea, lakini hauharakishwi. Mwenye selimundu aanze kwa daktari.

Hatua ya 1: siku tatu za mwanzo, tembea au kimbia polepole, kasi ya kuweza kupiga soga. Msitu wa Karura, hapa mjini, unatosha. Moyo utapiga mbio hata umekaa, na utakwenda haja ndogo mara nyingi: figo zinarekebisha damu iliyobadilishwa na kupumua kwingi. Kunywa maji hata kama baridi ya Julai imekuondolea kiu.

Hatua ya 2: wiki nzima ya kwanza, sahau muda wako wa Pwani. Ongozwa na pumzi, si saa ya mkononi. Wanaokaidi hapa ndio ninaowaona wakichechemea wiki ya pili.

Hatua ya 3 ni jikoni, na ndiyo wengi huipuuza. Figo zikihisi upungufu wa oksijeni hutoa homoni ya erithropoietini, nayo huuamuru uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, zinazobeba oksijeni. Amri hutoka ndani ya saa chache. Chembe zenyewe huchukua wiki kadhaa, na haziundwi bila madini ya chuma. Kula maini, ndengu, terere. Kamulia ndimu, maana vitamini C husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Halafu chai: Nairobi kila mlo una kikombe pembeni, na chai huzuia chuma hicho. Sikukatazi, nani ataacha chai? Inywe saa moja au mbili baada ya kula. Kabla ya kununua vidonge, pima damu. Chuma kikizidi nacho ni sumu.

Hatua ya 4: kuanzia wiki ya tatu ongeza mbio fupi za kasi, ukipumzika kati yake muda mrefu kuliko ulivyozoea. Milima ya Ngong, kilele chake mita 2,460, isubiri wiki ya nne. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija ukiwa juu, shuka.

Ukirudi nyumbani Pwani, damu hiyo yenye chembe nyingi itakufaa wiki chache. Joto, hata hivyo, mwili utakuwa umelisahau. Wiki ya kwanza kimbia alfajiri.