Kabla Hujavuka Maji na Laptopu ya Mtumba, Iulize Leseni Yake

Anayetoka Ukerewe au ng'ambo ya Kamanga kuja Mwanza mjini kununua kompyuta ya mtumba ana mzigo ambao mkazi wa Kirumba hana: akishavuka, kurudi dukani ni nauli nyingine na siku nyingine. Kwa hiyo ukaguzi wote umalizike kabla hela haijatoka mkononi. Wengi hukagua betri na skrini, hubonyeza kibodi herufi moja moja, hufungua na kufunga bawaba. Leseni ya Windows hawaigusi, kwa sababu muuzaji ameshasema, "Windows yake original hiyo, dada, haina shida."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza binti wa dada yangu, mwalimu kule kisiwani. Alinunua mashine katika duka moja la mjini, wakamwandikia kwenye risiti "Windows 10 Pro original", akapanda meli ya Nansio siku hiyo hiyo. Baada ya miezi kadhaa pembe ya chini kulia ya skrini ikatokea maandishi hafifu: "Activate Windows". Fundi wa jirani akachomeka flashi, akazima kinga ya virusi, akapiga kreki (programu ya kuidanganya Windows ijione ina leseni), maandishi yakapotea. Wiki chache baadaye kila flashi iliyopita kwenye mashine ile ilifika kwa mchapaji ikiwa haina faili hata moja linalofunguka. Mitihani ya nusu muhula ya madarasa mawili ikabidi iandikwe upya kwa mkono usiku. Iliniuma, maana siku ya kununua aliniomba nimsindikize nami nikamwambia achague tu iliyo ngumu.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba Windows kukubali kufanya kazi ni kitu kimoja, na wewe kuwa na haki ya kuitumia ni kitu kingine. Skrini inaweza kukuonyesha alama ya kijani huku nyuma yake kuna udanganyifu. Swali la maana si "imekubali?" bali "imekubali kwa ruhusa ya nani?"

Ruhusa huja kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni ya kiwandani: tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa huweka ufunguo ndani ya mazabodi yenyewe, ile bodi kuu ya kompyuta, hauko tena kwenye stika ya chini. Ya pili ni ufunguo wa rejareja, herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano, ambao mtu hununua mwenyewe. Ya tatu ni ya taasisi, na hii ndiyo inayowaliza watu. Benki, chuo au kampuni yenye kompyuta nyingi (kwa Windows za kawaida lazima zifike angalau 25) huweka seva yake, yaani kompyuta kuu ya kuhudumia nyingine, na kila kompyuta huipigia hodi kuomba ruhusa. Ruhusa hiyo hudumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuihuisha kila baada ya siku 7. Mashine ikiuzwa nje ya ofisi hiyo haina tena pa kupiga hodi, na siku 180 zikiisha maandishi hafifu yanatokea. Kreki nyingi za mjini huigiza seva hiyo ndani ya mashine yako mwenyewe. Dukani inaonekana safi kabisa.

Sasa maandalizi. Nenda asubuhi, usiende saa moja kabla ya meli. Weka bando kwenye simu yako ili uunge mashine kwenye hotspot yako, kwa sababu leseni halali ya kidijitali huthibitishwa kupitia intaneti, na "mtandao wa duka leo unasumbua" ni kisingizio utakachokisikia. Muuzaji mwambie kwa adabu tu: "Kaka, naomba dakika kumi nikague, nikiridhika nalipa." Muuzaji mwaminifu hatakataa dakika kumi. Anayekataa amekujibu.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kwenye kisanduku kinachotokea andika slmgr /xpr kisha Enter. Subiri sekunde chache. Likija neno "permanently activated", endelea na ukaguzi. Likija "Volume activation will expire" na tarehe mbele yake, umeonyeshwa siku ambayo ruhusa inakwisha. Rudia tena, safari hii andika slmgr /dli. Hapo tafuta neno lililo kabla ya "channel". OEM_DM ni ya kiwandani, RETAIL ni ya rejareja, na VOLUME_KMSCLIENT ni ile ya taasisi. VOLUME_MAK nayo ni ya taasisi, ila haina tarehe ya mwisho, ndiyo maana slmgr /xpr peke yake haitoshi. Tazama pia jina la toleo. Muuzaji akikusifia kwamba hiyo ni Enterprise, kubwa kuliko zote, jua kwamba Enterprise huuzwa kwa mashirika, haiji na laptopu ya mtu binafsi. Na Home ikionyesha VOLUME_KMSCLIENT, hapo kuna mkono wa mtu.

Kuna swali moja zaidi, na mimi naliona la maana kuliko yote. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo kwenye Windows, andika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey kisha Enter. Mashine ikitoa herufi 25, ina ufunguo wake wa kiwandani tumboni, hata kama fundi ameifunika kwa kreki. Ikinyamaza, haina. Usiupige picha ufunguo huo na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp kuuliza kama ni mzuri. Huo ni mali ya mashine.

Nilipofanya hivyo kwenye mashine ya binti yetu, herufi 25 zilitoka. Ilikuwa na haki yake siku zote! Ilitoka kiwandani na Windows 10 Home, mtu akapiga Pro ya kreki juu yake kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo kwenye flashi. Kwenye mipangilio ya kinga ya virusi, sehemu ya "Exclusions", tulikuta diski nzima ya C imewekwa isikaguliwe, kazi ya ile kreki ya pili. Tulihifadhi kazi zake, tukapakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe hadi kwenye flashi ya GB 8, tukafuta kila kitu na kupiga upya. Kisakinishi kilisoma ufunguo na kuchagua Home bila kutuuliza. Tulipounga hotspot, leseni ilijithibitisha baada ya dakika chache, bila kulipa hata shilingi. Kwa hiyo ukikuta dukani mashine nzuri yenye kreki lakini yenye ufunguo tumboni, usiikimbie. Mwombe muuzaji aipige upya mbele yako, toleo lile lile la kiwandani. Ila kama ni ya enzi za Windows 8, usitegemee ufunguo huo kufungua Windows ya leo.

Linganisha pia namba ya mfululizo iliyo kwenye stika ya chini na ile inayoonekana kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Zikitofautiana, huenda mazabodi imebadilishwa, na leseni ya kiwandani hufuata mazabodi, haifuati kava.

Umri wa mashine unaingia humu humu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha inafika 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Ukiona Windows 11 kwenye i5-6300U, imelazimishwa, na Microsoft haiahidi kuipa masasisho. Bei ya mashine hiyo ishushe, au iache.

Mashine zilizotoka ofisi za nje ya nchi zina mtego mwingine. Fungua "Access work or school" kwenye mipangilio. Ukikuta akaunti ya kampuni usiyoijua, siku utakayopiga Windows upya inaweza kukudai barua pepe ya kazini ya mtu wa mbali. Kwa hiyo ni bora ukute imefutwa, ikikuanzishia kuchagua lugha, kuliko kukuta imeshapangwa na programu hamsini.

Funguo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya sahani ya chipsi siziamini. Nyingi ni za taasisi zilizogawanywa kwa watu wasiohusika, na Microsoft huzifunga. Programu za kompyuta zinalindwa pia na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, jambo ambalo mwenye stationery anayelipa kodi hapaswi kulipuuza. Asiye na hela ya leseni atumie Ubuntu, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows: ni bure kihalali, na matoleo yake ya muda mrefu, yanayotoka kila baada ya miaka miwili, hupata masasisho kwa miaka mitano. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure unayoweza kuiweka humo, hufungua nyaraka za Word, ingawa majedwali wakati mwingine husogea, kwa hiyo jaribu kwanza fomu unazotumia kazini.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD, na muuzaji akuandikie namba ya mfululizo, jina kamili la toleo la Windows, na siku za kurudisha. Ingia kwa akaunti yako ya Microsoft hapo hapo dukani, kisha fungua tena ukurasa wa "Activation" mpaka usome kwamba leseni ya kidijitali imeungwa na akaunti yako. Upige picha kwa simu, ndipo ulipe, uipige picha risiti nayo, na kushuka bandarini.